Krayoni ya Brown

Msichana wa duka la vipodozi hapa Kitengela aliniangalia usoni, akainamisha kichwa upande kama fundi anayechagua uzi wa kitambaa, akasema, "Madam, wewe ni mocha."

Nikamuuliza mocha ni nini. Akasema ni kahawa, lakini imetiwa chocolate ndani. Nikamuuliza kama yeye amewahi kuinywa. Akacheka, akasema hapana, lakini ndivyo imeandikwa kwa chupa. Kisha akanipangia chupa zake za foundation, ile rangi ya kupaka usoni, juu ya kioo moja baada ya nyingine, akinisomea majina: honey, caramel, toffee, almond, mocha, espresso. Nikasimama pale nikihisi njaa na hasira kwa pamoja. Nani aliwaambia hawa watu kwamba mimi ni chai ya saa nne? Watu weupe kabisa kwenye hilo kabati walikuwa wamepewa majina ya lulu na mchanga wa pwani. Sisi wengine, kuanzia katikati kwenda chini, ni vitu vya kutafuna.

"Si yangu," nikamwambia. "Ni ya mama yangu. Jumamosi tuko na arusi ya mdogo wangu huko Kajiado. Amesema nimletee ya caramel."

"Na Mama ni rangi gani?"

Mtu wa umri wangu, na watoto wangu, na kazi yangu, nimeulizwa rangi ya mama yangu mzazi na nimekosa jibu. Yule msichana akadhani sijamsikia. Akainama chini ya meza, akatoa kikopo kidogo, akakifungua chini ya pua yangu. "Ama ako na madoa? Kuna hii pia, inatoa madoa yote."

Harufu ikanipiga. Ninyi mliokulia kwenye ploti za kupanga wakati wetu mnaijua hiyo harufu bila kuambiwa. Ni kama maua yaliyooshwa na dawa ya nywele. Ilikaa kwenye taulo, kwenye mto, kwenye kikombe, hata kwenye mkate uliokatiwa na mtu aliyejipaka. Nilikuwa sijainusa kwa miaka mingi, na sikuwa nimeitafuta.

Tuliishi Noonkopir, hapa hapa Kitengela, kwenye safu ya vyumba vya mawe vyenye mlango wa mabati na bomba moja la maji ambalo lilikohoa zaidi ya kutoa maji. Baba alikuwa Mmaasai, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa kuondoka alfajiri kwenda mnada wa Bissil na kurudi akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mama alitoka Murang'a, na alipoolewa na Baba pande zote mbili zilinuna. Watu wake waliuliza kama atalala kwa nyumba ya mavi ya ng'ombe. Watu wa Baba waliuliza kama anajua kukamua. Hakulala huko na hakujua kukamua. Alifungua kibanda cha yunifomu za shule sokoni, na mji mzima ukamjua kama yule mama brown wa yunifomu.

Sasa, brown kwetu Kenya maana yake ni mtu mweupe, msiniulize kwa nini. Mimi sikujua. Nilidhani wanamwita mama brown kwa sababu ya masweta ya brown ya shule yetu, ambayo yalikuwa yamejaa kibandani kwake mpaka mlangoni. Kama angeuza ya kijani wangemwita mama green. Hivyo ndivyo akili yangu ilivyokuwa, na bado naiona kuwa akili nzuri kuliko ya waliokuwa wakimwita.

Mdogo wangu Wairimu, huyu wa arusi ya Jumamosi, alizaliwa mweupe. Wageni wakija, walimbeba yeye kwanza, wakamgeuzageuza kama wanatafuta bei, wakasema, "Huyu amechukua mama." Halafu wakaniona mimi kando ya kochi, wakasema, "Na huyu amechukua baba." Nilivyolielewa hilo neno, ni kwamba nimechukua kitu cha watu bila ruhusa. Nilikuwa naangalia mikono yangu nikijiuliza ni nini cha Baba nimekibeba.

Darasa la tatu tulifundishwa Kiingereza na Madam Rose. Nimemwita hivyo hapa, jina lake halisi ninalo na linanikaa kooni. Alikuwa na sauti nzuri, viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope, na bidii. Alikuwa mwalimu mwenye bidii kweli, na hilo ndilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu mwalimu mvivu asingetufikia. Mvivu angeandika maneno ubaoni akaenda kunywa chai. Madam Rose alitaka tuelewe.

Somo lilikuwa namna ya kueleza watu. Tulifanya mrefu na mfupi, tukafanya mnene na mwembamba, kisha akaandika neno refu ubaoni, complexion, akatuimbisha mpaka midomo ikachoka. Akasema maneno ya rangi ya ngozi ni manne, fair, brown, chocolate na dark, na kwamba hayaeleweki vizuri bila mifano hai. Akapita kati ya madawati akituangalia nyuso. Akamtoa Shiru, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja. Akatoa mvulana, akatoa msichana mwingine, na mwisho akanigusa mimi begani. Tukapangwa mbele ya darasa, Shiru dirishani, mimi mlangoni.

"Class, Shiru is?"

"Faaair!"

Hilo la fair tulilijua kutoka uwanjani, ambako mtu akinyang'anywa mpira alilia "it's not fair!" yaani si haki. Nikadhani Shiru anasifiwa kwa kugawana biskuti zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja. Huyu brown, huyu chocolate. Darasa likapiga miluzi kwa chocolate, kila mtu alitaka kuwa chocolate. Kisha fimbo ikanielekea mimi.

"And this one is?"

"Daaark!"

Na mimi niliimba. Mnisikie vizuri, niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua na nilipenda kulipata jibu. Madam Rose akanipigisha makofi. Kila alipotaka kurudia hilo somo, na alilirudia wiki nzima, sisi wanne tulisimama kwa nafasi zetu bila kuitwa. Kufikia Ijumaa, Shiru alikuwa bado ni Shiru na mimi nilikuwa Dark. "Dark, nipatie rula." "Madam, Dark amekojoa kwa bomba." Sikuwa nimekojoa popote.

Baba alikuwa ameniletea pakiti ya krayoni kutoka Kajiado, mpya, zikinuka nta. Tulipoambiwa tuchore "Myself" na kuandika sentensi tano, nilizimwaga zote mezani nikazipima moja moja kwenye mkono wangu. Nyeusi haikukubali hata kidogo. Nyeusi ilikuwa nyeusi kama gurudumu, kama chini ya sufuria ya makaa. Nikajaribu ya machungwa, nikacheka peke yangu. Kisha nikaweka ile ya brown kwenye mkono, na ikapotea. Haki ya Mungu, ikapotea. Nikachora mstari kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, na mstari haukuonekana, isipokuwa ukiugeuza kwenye mwanga uone mng'ao wa nta. Nilifurahi mno. Nilijipaka rangi kwenye karatasi kuanzia paji la uso hadi miguuni, sikuacha hata nafasi ya meno, na chini nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: I am brown in complexion.

Madam Rose alipofika kwangu akasimama.

"Nani amekuandikia hii?"

"Ni mimi, Madam."

"Wewe ni brown?"

Darasa likaangua kicheko. Hata sikujua kinachochekwa. "Ndiyo, Madam. Angalia." Nikaweka krayoni mkononi mwangu mbele ya macho yake, nikachora mstari mwingine, polepole, kama alivyotufundisha tuchore chini ya kichwa cha insha. Nikamwonyesha na ile karatasi inayoizunguka. "Hata hapa wameandika brown."

Akauangalia ule mkono. Aliona. Hadi leo naapa yule mwanamke aliona, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye krayoni, yakarudi kwenye ngozi, yakarudi tena kwenye krayoni. Angeweza kucheka. Angeweza kusema, ai, kweli, hii lugha ina wazimu, hebu tuulizane. Kumbe alikuwa anatafuta fimbo yake.

"Unanifundisha mimi Kiingereza?"

"Hapana, Madam."

"Brown ni nani hapa? Class, who is brown?"

Wakamtaja yule mvulana. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga X kubwa juu ya mchoro wangu, akakata neno brown na juu yake akaandika dark, na kwa sababu nilikuwa nimemjibu mwalimu, nikapiga magoti kando ya ubao mpaka kengele. Na nikaambiwa nini zaidi? Nilete mzazi.

Wakati wa mapumziko tulicheza mchezo wa duara. Nikanyoosha mkono kumshika Shiru, naye akauvuta wake kifuani. "Usinishike, utanipaka." Alimaanisha ile nta, nadhani. Mkono ulikuwa bado unang'aa. Lakini mimi sikusikia nta. Nilisikia kwamba rangi yangu inatoka, na inashika watu.

Asubuhi iliyofuata Mama alifunga leso yake juu ya sketi, tukatoka. Barabara ya Namanga inakata mji wetu katikati, na wakati huo hakukuwa na daraja la kuvukia wala matuta ya maana, ni matrela ya simiti tu yakipita yakitikisa ardhi. Kuvuka ilikuwa kazi ya kushikana mikono. Mama alikuwa na mshiko mkali, alikuwa anakubana vidole mpaka unasahau trela na kuanza kuogopa yeye. Nilikuwa naupenda huo mshiko kuliko kitu chochote. Mama hakuwa mtu wa kukumbatia, wala wa kubusu watoto kama siku hizi. Alikuwa na barabara, basi. Ukitaka kujua kama Mama anakupenda, ngojea barabara.

Njiani sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na krayoni mfukoni. Nilijua Mama ataiona, aiweke kwenye mkono wangu, amwambie Madam Rose, mtoto ako sawa. Mama aliuza masweta ya brown, nani angemdanganya kuhusu brown?

Tukaingizwa kwenye kile chumba cha walimu. Mama akaketi, akaingiza mikono yote miwili chini ya leso, hakuitoa hata aliposalimiwa. Nilidhani anahisi baridi.

"Mama, mtoto wako ni mjuaji," Madam Rose akaanza. "Ameniambia mbele ya darasa yote ati yeye ni brown. Nikimrekebisha ananionyesha krayoni."

Mama akanigeukia. Nikatoa krayoni mfukoni, nikaishika tayari.

"Ati brown?" akasema Mama. "Huyu?"

Na akacheka. Alicheka kicheko kirefu, cha kurusha kichwa nyuma, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia akicheka nyumbani. Madam Rose naye akacheka, wakachekana wanawake wawili wa brown, wakawa marafiki hapo hapo. "Mwalimu, pole kwa usumbufu. Huyu alichukua ya baba yake yote, hakuacha hata ya kuonja."

"Si ni vile anakuona wewe uko brown hivyo, amechanganyikiwa," akasema Madam Rose. "Mama, wewe unatumia nini? Ngozi iko smooth!"

"Ai, mimi ni hivi tu nilivyozaliwa," akasema Mama, na mikono yake ikasogea ndani zaidi chini ya leso.

Nilirudisha krayoni mfukoni. Nilikuwa na hasira ambayo mtoto hana mahali pa kuiweka. Leo ningeuliza maswali, ningegonga meza. Wakati huo niliivunja krayoni vipande viwili ndani ya mfuko, na vidole vyangu vikanuka nta hadi jioni.

Jioni Mama alinipitia akitoka kibandani. Tukafika barabarani, jua likiwa chini limetumulika ubavuni, na Mama akanyoosha mkono nyuma bila kuniangalia, kama kawaida. Nikauona. Niliuona mkono wa Mama kwa mara ya kwanza, nadhani, kwa sababu kila siku nilikuwa naushika tu. Ulikuwa mweupe hadi kwenye vidole, na pale kwenye vifundo vya vidole, kila kifundo, ulikuwa mweusi. Mweusi kama mimi. Hasa pale ambapo mkono wangu hukaa.

Nikaelewa kila kitu, na kila kitu nilikielewa vibaya. Nikaelewa kwamba ni mimi. Nimekuwa nikimpaka Mama kila siku kwenye hii barabara, na rangi imeanza kumshika. Ndiyo maana alificha mikono chini ya leso. Ndiyo maana alicheka kwa ubaya vile, kwa sababu nimemchafua na ana hasira nami. Nikajiambia, nikiendelea kumshika itapanda hadi kiwiko, itafika shingoni, siku moja watu wa sokoni watauliza, yule mama brown wa yunifomu alienda wapi?

"Shika mkono!"

Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

"We, huskii? Shika mkono, trela inakuja!"

Nikakataa. Akanipiga kofi pale pale kando ya barabara, watu wakiangalia, akanishika kola ya sweta, akanivusha kama mbuzi wa kuuzwa. Sikulia. Nilijivunia kwamba sikumgusa.

Na kila jioni nilipata ushahidi mpya. Mama akimaliza kuosha vyombo aliketi kwenye kistuli, akafungua kikopo chake, ile harufu ikajaa chumba chote, akaanza kujisugua. Uso haraka haraka, shingo, mikono, halafu vidole. Kwenye vidole alikaa. Alivisugua kimoja kimoja akikunja uso, na vifundo havikukubali. Mimi nikiwa chini ya meza na kitabu changu nilimwangalia, nikajua ananitoa.

Kwa hiyo nikamsaidia. Nilinawa mikono kabla ya kumletea kikombe. Baadaye nikaacha kumpa kitu mkononi kabisa. Akisema nilete chumvi, niliiweka mezani karibu naye nikarudi nyuma. Akisema nishike mtoto, nilingoja amlaze Wairimu kitandani ndipo nimchukue. Nilikuwa nikimlinda, jamani. Hakuna mtoto aliyewahi kumlinda mama yake kwa bidii kama mimi, na kila siku moyo wangu ulikuwa unaniuma kwa kutaka ule mshiko wa barabarani.

Mama akaanza kuniita Malkia. "Malkia ananiringia. Kwani mimi niko na ugonjwa?" Aliwaambia majirani kwamba huyu mkubwa ana kiburi cha kwao, watu wa ng'ombe wana kiburi. Kadiri alivyonisema ndivyo nilivyonawa.

Nilimuuliza Baba. Alikuwa amerudi kutoka mnadani, ameketi mlangoni akivua viatu, miguu imepasuka. "Baba, mimi ni rangi gani?"

Akafikiri kwanza. Huyu ni mtu aliyeweza kukueleza ng'ombe wa jirani ambaye alimwona mara moja, kwamba ni mwekundu mwenye tumbo jeupe na doa la majivu kwenye bega la kushoto, na lugha yake ilikuwa na neno moja tu kwa hayo yote. Niliamini atanipa neno langu.

"Entito ai," akasema. Msichana wangu. "Rangi ni ya ng'ombe. Ng'ombe akipotea ndio watu wanauliza, ni wa rangi gani? Wewe umepotea?"

"Hapana."

"Basi." Akaendelea na viatu vyake.

Mama alikuwa jikoni nyuma ya pazia. "Wewe ongea tu," akasema kwa ukali. "Si wewe utamtafutia bwana." Na mimi nilimkasirikia Baba pia, kwa sababu nilitaka neno, na alinipa swali.

Hivyo ndivyo tulivyokua. Nilikwenda shule ya bweni, nikarudi, nikapata kazi, nikaolewa bila kutafutiwa. Baba alifariki. Madam Rose sikumwona tena, na kama anasoma hapa, ajue bado niko brown. Mimi na Mama tulisalimiana kwa maneno tu, bila kupeana mikono. Siku ya kumzika Baba tulisimama bega kwa bega kaburini, kila mtu akiwa ameshika kitambaa chake. Kwamba rangi haipaki, nilikuja kujua mapema, bila shaka, mtu hukua. Lakini mkono ukishazoea kukaa nyuma ya mgongo haurudi kwa sababu umesoma sayansi. Na kicheko kile sikukisamehe. Maelezo yote ya cream ya kujichubua, ambayo haishiki kwenye vifundo vya vidole, niliyapata nikiwa mkubwa, na badala ya kumwonea huruma nikamchukia zaidi, kwamba alijipaka uongo usoni halafu akanicheka mimi niliyesema ukweli.

"Madam?" Msichana wa duka bado alikuwa amenishikia kikopo.

"Funga hiyo kitu."

"Ni ya kuonja tu, si lazima—"

"Funga kabla sijakufungia mimi."

Nikatoka mikono mitupu. Nyumbani kwa Mama, ile ile Noonkopir ila sasa kwenye nyumba niliyomjengea, nilimkuta jikoni akikata vitunguu vya arusi. Cream aliiacha zamani, lakini cream haijamwacha. Mashavu yamebaki mekundu, paji limerudi jeusi, na chini ya macho kuna mabaka ya rangi ambayo hayako kwenye kabati la mtu yeyote.

"Umeleta?"

"Sijaleta."

"Hawakuwa na caramel?"

"Walikuwa nayo. Mama, wewe si caramel. Hakuna chupa yako kwa hilo duka."

Akaweka kisu chini. "Sasa unataka nikae mbele ya watu wa baba yako na uso kama ramani? Wanipige picha hivi?"

"Ni wewe ulijichora hiyo ramani. Nani alikutuma?" Nilikuwa nimeanza na sikuweza kusimama. "Nani alikutuma, Mama? Na kama ulijua mwenyewe vile umetengenezwa, mbona ulinicheka? Mbele ya yule mwanamke. Niko na krayoni mkononi, ukanicheka!"

Nilidhani atanijibu kwa ukali wake. Akavuta kiti akaketi. Bila kufikiri akaingiza mikono chini ya aproni.

"Mimi nilizaliwa mweusi kuliko wewe," akasema. "Uliza mtu yeyote Murang'a. Nilipokuja hapa nikaanza hiyo cream ndio nisichekwe. Yule mwalimu alikuwa ananiangalia, angeangalia mikono kidogo tu, ningeaibika. Ningesema nini? Nilicheka ndio aangalie wewe." Akanitazama. "Na wewe ndiye uliona. Jioni hiyo tu. Uliniangalia vidole, ukarudisha mkono nyuma. Nikajiambia, mtoto amejua mimi ni nani, ananionea kinyaa. Nikajisugua mpaka nikatoka damu. Na ukakataa tu."

"Kinyaa?"

"Hata chumvi hukunipa mkononi."

"Mama, nilidhani ninakupaka."

"Kunipaka nini?"

"Rangi. Nilidhani hiyo nyeusi ya vidole imetoka kwangu. Tukivuka barabara. Nilikuwa naogopa itakumaliza."

Nje mtu alikuwa akipakia viti vya arusi kwenye pikapu, vikigongana. Nilikuwa bado na hasira naye, na niandikapo haya bado ninayo, sijui itaisha lini wala kama ninataka iishe.

"Miaka hii yote?" akauliza.

"Miaka yote."

"Ai, mtoto mjinga wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka, akayapangusa kwa bega, akasema ni vitunguu. Kisha akatoa mkono mmoja chini ya aproni, akaunyoosha juu ya meza, vifundo vikiwa juu, vyeusi vilevile.

"Haya," akasema. "Nipake."